Friza la nyumbani limegoma kwenye nyuzi hasi 31: kikwazo ni gesi, kompresa au kuta?

#1 JodariTanga

Wakuu, habari za leo. Nina friza la mlango wa juu la lita 300 hivi, lenye kompresa ya robo hosipawa na gesi ya R134a, nililolinunua likiwa limeshatumika miaka minne. Kazi yangu ni samaki: alfajiri nanunua jodari na nguru kwa wavuvi hapa Tanga, nakata minofu, kisha naipelekea hoteli mbili. Nguru hanisumbui. Jodari ndiye anayenitia hasara, kwa sababu baada ya wiki chache ndani ya friza mnofu wake unaacha wekundu wa tikitimaji na kuwa na rangi ya chokoleti, na mpishi akiuona tu anaurudisha hata kama hauna harufu yoyote.

Nimesoma kwamba Wajapani huhifadhi jodari wa kuliwa mbichi kwenye nyuzi hasi 60. Huko sina ndoto ya kufika, ila nilijiambia kwamba nikipata hasi 40 nitakuwa nimeokoa kitu. Nikaondoa themostati ya asili na kufunga kidhibiti cha kidijitali aina ya STC-1000, ambacho hupima hadi hasi 50, nikakiamuru kisizime mpaka hasi 40. Usiku wa kwanza, friza likiwa tupu, lilifika hasi 31. Usiku wa pili likaishia hasi 30. Siku ya tatu, likiwa na kilo 20 za minofu, lilikwama hasi 27, na tangu hapo kompresa haijapumzika hata dakika moja.

Naomba kuuliza: ni nini hasa kinacholizuia kushuka, na kwa nini linarudi nyuma badala ya kubaki palepale?

#2 FundiBaridi

Ndugu, themostati haikuwa adui yako. Kazi yake ni kuzima na kuwasha tu; haiongezi baridi hata chembe. Ulipoiondoa umeliambia friza likimbie bila kusimama, lakini hukulipa miguu mirefu zaidi.

Adui yako ni gesi yenyewe. R134a huchemka kwenye nyuzi hasi 26 katika presha ya kawaida ya hewa, na ubaridi wote wa friza unatokana na kuchemka huko. Ukitaka ichemke kwenye hasi 31 au hasi 40, ni lazima kompresa ivute mpaka presha ya upande wa kurudi, yaani wa gesi inayorudi kwenye kompresa, ishuke chini ya presha ya hewa tunayovuta sisi. Kwenye hasi 25 presha hiyo ni baa 1.06 hivi, na kwenye hasi 40 ni nusu baa tu. Maana yake ni kwamba kila pistoni inapovuta, inapata gesi nyepesi kama moshi wa sigara: ujazo ni uleule, lakini uzito wa gesi ni nusu. Huku upande wa pili, kwa joto la Tanga, gesi inageuka kimiminika kwenye nyuzi 50 hivi, ambako presha yake ni baa 13. Kompresa iliyozoea kukandamiza mara 12 sasa inadaiwa ikandamize mara 26. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mota ya kompresa iliyofungwa ndani ya chungu cha chuma hupozwa na gesi inayorudi. Gesi ikiwa haba, mota haipozwi, mafuta yanaungua na valvu zinalegea. Gusa kichwa cha kompresa yako, ila usiuache mkono hapo.

#3 MkataKiu

Fundi wa mtaani kwetu hufanya jambo rahisi sana: anaongeza gesi kidogo. Friza likiwa na gesi nyingi linakuwa na baridi nyingi, kama vile jiko lenye kuni nyingi lilivyo na moto mwingi. Jodari, mwite fundi akuongezee robo, utatupa majibu.

#4 FundiBaridi

MkataKiu, namheshimu fundi wa mtaani kwenu, lakini hapo amekutana na mfano unaopendeza masikioni na kudanganya kwenye geji. Ukizidisha gesi, presha ya upande wa kurudi inapanda, na presha ikipanda gesi inachemka kwenye nyuzi za juu zaidi, kwa hiyo friza linakuwa na baridi *kidogo*. Tena kimiminika kinaweza kufika hadi kwenye kompresa na kuvunja valvu, kwa sababu kimiminika hakikandamiziki. Ukipunguza gesi kupita kiasi nako presha inashuka, lakini gesi inaisha njiani kabla ya kuzunguka bomba lote, na utaona sehemu moja ya ukuta ina barafu na nyingine imekauka. Friza la nyumbani lina kapilari, yaani bomba jembamba lenye urefu uliopimwa kiwandani, wala halina valvu ya kujirekebisha. Gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ndizo gramu zake.

#5 MamaBarafu_Mombasa

Hamjambo nyote. Mimi nauza barafu za ukwaju na za ubuyu, na msimu wa joto nahitaji zigande haraka, kwa hiyo nilipata wazo kama la huyu ndugu wa Tanga. Niliambiwa kwamba baridi inavujia kwenye kuta, nikanunua magodoro mawili membamba ya sponji, nikalizungushia friza pande zote nne na kulifunga kwa kamba kama mzigo wa kupelekwa shamba. Siku mbili za mwanzo niliona nafuu, au nilijidanganya kuwa naiona. Siku ya nne kompresa ikaanza kukata na kuwaka, kukata na kuwaka, na jioni yake ikanyamaza kabisa. Fundi alipoyavua yale magodoro, ubavu wa friza ulikuwa na joto la kupigia pasi.

Alinieleza kwamba mafriza haya hayana ule wavu mweusi wa nyuma. Bomba la kutolea joto limefichwa ndani ya bati la nje, na bati zima ndilo linalopoza. Mimi nilikuwa nimemvisha koti mtu anayetoka jasho. Ndugu Jodari, kabla hujafunika chochote, weka kiganja ubavuni kompresa ikiwa inafanya kazi. Kukiwa na joto, funika mfuniko peke yake.

#6 Mwalimu_Fizikia

Mama Barafu amegusa jambo ambalo FundiBaridi amelipita. Naomba nilete hesabu, kwa sababu nadhani kikwazo kiko kwenye kuta kuliko kwenye gesi.

Chukulia povu la ukutani lina unene wa milimita 60 na eneo lote ni mita za mraba 3.5. Povu zuri hupitisha wati 0.024 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukiwa na nyuzi 30 nje na hasi 18 ndani, joto linaloingia ni kama wati 67 mchana na usiku. Ukishusha ndani hadi hasi 40, zinaingia wati 98. Sasa kumbuka bati la Mama Barafu: nje ya povu hakuna nyuzi 30, kuna 40 na zaidi, kwa sababu bomba la moto limelala palepale. Kwa hiyo friza linajipasha lenyewe, na kadiri unavyolilazimisha kufanya kazi ndivyo linavyojipasha zaidi. Mahali ambapo nguvu ya kompresa inayopungua inakutana na joto linalozidi kuingia ndipo friza linapokwama. Kwa ndugu yetu, mistari hiyo miwili imekutana karibu na hasi 30.

Ongeza na samaki. Kilo moja ya mnofu kutoka nyuzi 28 hadi hasi 18 inakudai uitoe kilojuli 350 hivi. Kilo 50 ni kilojuli 17,500. Kompresa ikibakiwa na wati 140 baada ya kulipa deni la kuta, utahitaji karibu saa 35. Kibandiko cha friza lenye nyota nne kina mstari unaoeleza ni kilo ngapi linaweza kugandisha kwa saa 24, na mara nyingi ni kilo chache kuliko tunazotumbukiza.

#7 JodariTanga

Mwalimu, nimekuja kuuza samaki naona natungiwa mtihani wa kidato cha sita. Hata hivyo asante, nimesoma mara tatu.

Majibu: ubavu wa friza langu ni wa moto, hasa upande wa kulia. Kichwa cha kompresa hakishikiki kwa sekunde mbili. Kibandiko kinasema kilo 16 kwa saa 24, na mimi niliweka 20 kwa mpigo. Umeme nimeupima kwa mita ya kukopa: usiku wa manane volti 226, saa mbili usiku volti 188.

#8 Maabara_Goma

Habari zenu, niko Goma, nafanya kazi ya kutunza vifaa vya maabara. Mnaongelea hasi 40 kama mlima mrefu, na kweli kwa kompresa moja ni mlima. Chanjo ya Ebola inayoitwa Ervebo huhifadhiwa kati ya hasi 80 na hasi 60, na mafriza yake hayatumii ujanja wa kubana gesi moja hadi ichoke. Yana mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza una kompresa yake na gesi kama R290, nao unafika karibu hasi 40. Kazi yake si kupoza chanjo, bali kupoza kondensa (bomba la kutolea joto) ya mzunguko wa pili, ambao una gesi nyingine kama ethani, inayochemka kwenye hasi 88. Kila kompresa inapanda nusu ya ngazi tu.

Naongeza jambo moja kwa FundiBaridi: mafuta. Mafuta ya kawaida yanakuwa mazito kama asali kwenye baridi kali, yanabaki kwenye bomba la ndani na hayarudi kwenye kompresa. Inawezekana kurudi nyuma kwa friza la Tanga kutoka 31 hadi 27 ni mafuta yaliyoanza kutuama ukutani na kuziba joto lisipite. Kompresa nayo inabaki na kiu.

#9 Kijana_Mbagala

Kama tatizo ni R134a kuchemka kwenye hasi 26, dawa si kubadili gesi? Maabara_Goma amesema R290, na R290 ni propani, ambayo huchemka kwenye hasi 42. Propani ndiyo gesi ya kupikia, na mtungi upo jikoni kwa kila mtu. Mbona mnazunguka?

#10 FundiBaridi

Kijana, usiuguse mtungi huo.

#11 Nyundo

FundiBaridi amekata maneno, mimi nitayarefusha kwa sababu yaliyonikuta yanatosha. Gesi ya kupikia si propani safi. Ni mchanganyiko wa propani na butani, umetiwa dawa ya harufu ili uvujaji ujulikane, na haijakaushwa kwa kiwango cha friji. Butani inachemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo hujui hata umejaza nini. Nilijaribu kwenye friza bovu la karakana miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na kiburi cha ujana. Kompresa iliyotengenezwa kwa R134a ilipewa gesi nzito kuliko misuli yake, ikavuta umeme mwingi, kinga ya joto ikawa inakata kila baada ya dakika chache. Kiungo nilichochomelea kilikuwa na tundu dogo. Gesi ilitoka polepole na kutulia sakafuni, maana ni nzito kuliko hewa, na rilei, ile swichi ya kuwashia kompresa, ilipotoa cheche nilisikia mlio kama wa tairi la lori. Nyusi ziliota tena. Propani inahitaji asilimia 2.1 tu ya hewa ya chumba ili iweze kuwaka.

Mafriza ya R290 na ya R600a yapo madukani na ni salama, kwa sababu kompresa, swichi na rilei zake zimebuniwa kwa ajili hiyo, na gesi yake hupimwa kwa gramu, kwa desturi isizidi gramu 150 kwa vyombo vya nyumbani. Tangu Mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 dunia inaelekea huko ili kupunguza gesi za aina ya R134a. Ila Kijana asikimbilie R600a kwa tamaa ya baridi: hiyo huchemka kwenye hasi 12 tu, na friza lake huishi chini ya presha ya hewa muda wote linapogandisha.

Jodari, nikupe nililofanikiwa. Friza langu la pili nililitenga kabisa na bomba la joto la ukutani. Nikafunga kondensa ya nje yenye feni, nikabadilisha draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu kwenye gesi, nikavuta hewa kwa pampu kwa saa mbili, nikarudisha R134a ileile kwa mizani. Baada ya hapo ndipo nikabandika mbao za povu za milimita 50 pande zote, kwa sababu bati halikuwa na kazi tena ya kutoa joto. Likafika hasi 34 usiku, hasi 32 mchana. Sikuongeza nguvu yoyote, nilihamisha joto tu. Kwa hiyo nampa Mwalimu alama, ingawa fedha iliyoniishia ingenipatia friza lingine la mkono wa pili.

#12 Mwalimu_Fizikia

Nashukuru kwa alama, Nyundo. Nimezoea kutoa, si kupewa.

#13 FundiBaridi

Alama hizo zigawanywe. Nyundo alipoweka feni alishusha presha ya upande wa moto, kutoka baa 13 hadi 10 pengine, na hapo kompresa ikapata nafuu niliyoisema kwenye #2. Kuta zimechangia, sikatai, lakini mlango wa kwanza ulikuwa kondensa. Nawafahamu watu waliobadilisha kila kitu na kuweka kompresa ya R404A, gesi inayochemka kwenye hasi 46, wakafika hasi 38. Ila R404A kwenye nyuzi 50 ina presha ya baa 23, na bomba la zamani lililoanza kuoza linapasuka ndani ya povu, mahali ambapo hakuna fundi anayelifikia.

#14 Bahari_Muscat

Salaam aleikum. Mimi ni mtu wa Pemba, nipo Muscat, nimefanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha samaki. Naona mnabishana juu ya ngazi bila kuuliza ukuta anaotaka kuupanda huyu ndugu. Wekundu wa jodari ni mayoglobini, yaani protini yenye rangi iliyomo kwenye nyama. Ikishambuliwa na hewa inageuka kahawia, na mageuzi hayo yanaendelea hata ndani ya barafu, polepole zaidi kadiri baridi inavyozidi. Kwenye hasi 18 yanaonekana baada ya wiki chache, kwenye hasi 60 yanakaribia kusimama. Hasi 31 au hasi 34 itampa siku za ziada, haitampa mwaka.

Kinachomuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni mwendo wa kugandisha. Maji mengi ya mnofu hugeuka barafu kati ya hasi 1 na hasi 5. Mnofu ukikaa hapo saa 20, chembe za barafu zinakua kubwa na kupasua nyama, na ukiuyeyusha unatoa maji mekundu na kubaki kama sifongo. Kiwandani tulipuliza hewa ya hasi 35 kwa feni kubwa, mnofu ukapita kipande hicho kwa muda mfupi.

Nyumbani kuna njia ambayo haihitaji kugusa bomba lolote. Chukua ndoo au beseni la plastiki linaloingia ndani ya friza, tengeneza maji ya chumvi mazito, gramu 230 za chumvi katika kila kilo moja ya mchanganyiko. Maji hayo hayagandi mpaka hasi 21. Yaache yapoe usiku kucha. Alfajiri funga minofu kwenye mifuko ya plastiki, itoe hewa yote, uizamishe. Maji yanashika mnofu pande zote na kunyonya joto haraka kuliko hewa iliyotulia ya friza. Mnofu wa unene wa sentimita 3 utakuwa mgumu baada ya saa moja na ushee. Usizidishe, kilo 4 au 5 kwa mara moja, la sivyo maji yenyewe yatapanda joto.

La mwisho, na hili si la rangi. Jodari akichelewa juani kabla ya kugandishwa hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo haiondoki kwa baridi wala kwa moto. Barafu ianze kwenye ngalawa.

#15 JodariTanga

Sheikh wa Muscat, umenifungua macho. Mifuko ninayo na chumvi ya Tanga haina shida. Nitajaribu.

Ila bado nina deni la nusu ya swali. Tuseme nimekubali kwamba hasi 40 haifikiki. Kwa nini basi nilipata 31 na sasa 27? Jana nilitoa samaki wote, nikaliacha tupu usiku mzima, likafika hasi 28. Si mzigo, basi.

#16 Nyundo

Friza lilishawahi kujazwa gesi kabla ya kulinunua? Kama ndiyo, na draya haikubadilishwa, nashuku unyevu. Friza likienda chini ya presha ya hewa, tundu dogo kama la sindano halitoi gesi, bali linaingiza hewa na mvuke. Tone moja la maji linaganda kwenye mdomo wa kapilari na kuziba nusu ya njia. Sikiliza ndani kompresa ikiwa inafanya kazi: ule mlio wa kufoka kama chai inayomiminwa ukikatika kwa dakika kadhaa kisha ukarudi, ni unyevu.

#17 Maabara_Goma

Mimi nabaki na mafuta. Zima friza kwa saa 24 mfuniko ukiwa wazi, mafuta yatalainika na kurudi. Likiwaka na kufika hasi 31 tena usiku wa kwanza, kisha likarudi nyuma tena usiku wa tatu, mtanikumbuka.

#18 Nyundo

Maabara, jaribio lako haliwezi kututenganisha. Likizimwa saa 24, barafu ya unyevu nayo inayeyuka. Wote tutadai ushindi.

#19 MamaBarafu_Mombasa

Na theluji ya ukutani je? Mimi friza langu likiwa na ukoko wa kidole kimoja, barafu za ukwaju zinachukua nusu siku ya ziada. Huyu ndugu amefungua na kufunga kila saa kusoma namba. Pwani yetu ina unyevu, kila akifungua anaingiza mvuke.

#20 Mwalimu_Fizikia

Nilitaka kusema theluji, Mama Barafu amenitangulia. Lakini naomba kumuuliza Jodari swali la kukera: kile kijiti cha kupimia joto kilikuwa wapi usiku wa kwanza, na kiko wapi sasa?

#21 JodariTanga

Usiku wa kwanza nilikibandika kwa gundi ya karatasi ukutani, chini kidogo ya mfuniko. Siku ya tatu kilibanduka nilipokuwa napanga samaki, nikakiacha kikining'inia katikati.

#22 Mwalimu_Fizikia

Nilijua. Katika mafriza haya bomba la baridi limezungushwa nyuma ya ukuta wa ndani. Usiku wa kwanza ulipima ukuta, yaani gesi yenyewe, wala hukupima friza. Katikati huenda hapajawahi kufika hasi 31 hata siku moja. Kuanzia leo kitie kijiti ndani ya chupa ndogo ya spiriti, ukiweke katikati, na usome mara mbili tu kwa siku. Spiriti haigandi hapo, na haiyumbi kila mfuniko unapofunguliwa.

#23 FundiBaridi

Maelezo mazuri, lakini hayagusi usiku wa pili. Kijiti kilikuwa bado ukutani na namba ilikuwa tayari hasi 30. Nyuzi moja ni ndogo, ila kompresa isiyopumzika siku tatu kwa volti 188 jioni hulegea valvu, na valvu iliyolegea haiponi kwa spiriti.

#24 Mwalimu_Fizikia

Nyuzi moja ni ndani ya makosa ya kifaa cha bei ile, FundiBaridi. Kizamishe kwanza kwenye barafu inayoyeyuka uone kama kinasoma sifuri.

#25 MkataKiu

Mimi bado nipo, na bado nasema robo ya gesi.

#26 JodariTanga

Nimerudi baada ya siku tisa. Nilizima friza, nikaondoa ukoko uliojaza ndoo nzima, nikaliacha wazi saa 24. Kijiti kwenye barafu inayoyeyuka kilisoma 1.2, kwa hiyo Mwalimu ana nusu ya haki. Nimenunua kifaa cha kukata umeme ukishuka chini ya volti 195, na mfuniko peke yake nimeuongezea povu la milimita 50 kama alivyosema Mama Barafu.

Chupa ya spiriti katikati: usiku wa kwanza hasi 29, wa pili hasi 29, wa tatu hasi 28. Usiku wa tano, mvua iliponyesha, hasi 30. Mlio wa chai inayomiminwa nimeusikia ukikatika mara moja, kwa dakika kama nne hivi, lakini jirani alikuwa anasaga na sina hakika. Uniti za LUKU zinakwenda kama mchanga kwenye pakacha, kwa hiyo sasa nimekirudisha kidhibiti kwenye hasi 24.

Maji ya chumvi yamefanya kazi. Minofu minne ya jodari iliganda kwa saa moja na nusu, na niliyoiyeyusha jana haikutoa maji mengi kama zamani. Rangi nitaiona mwisho wa mwezi.

#27 Nyundo

Dakika nne, ukasikia mwenyewe. Badilisha draya.

#28 Maabara_Goma

Wa kwanza 29, wa tatu 28, baada ya saa 24 za kupumzika. Nilisema mtanikumbuka.

#29 FundiBaridi

Kichwa cha kompresa sasa kinashikika au hakishikiki?

#30 JodariTanga

Kinashikika sekunde tano.

#31 MamaBarafu_Mombasa

Na wale kilo 20 waliokaa kwenye hasi 27 wakati wa majaribio, uliwauzia nani? Nauliza kwa sababu wiki ile nilikuwa Tanga na nilikula jodari hotelini.